LEGO tangu ilipolirudia tofali lake: tathmini ya kilichomo ndani ya boksi

Chukua seti ya LEGO ya mwaka 2001 na nyingine ya miaka hii, uzimwage mezani bila kutazama picha za boksi. Ile ya zamani, hasa ikiwa ni ya familia ya Jack Stone, utaitambua mara moja: vipande vichache, vikubwa, na vingi vimekwisha kuwa kitu kabla hujavigusa. Sehemu ya mbele ya gari iko tayari, na kijitu chake ni kikubwa kuliko vijitu vya kawaida. Seti ya sasa inakupa rundo la vipande vidogo ambavyo kimoja kimoja havikuambii chochote. Wengi wangesema ile ya kwanza ndiyo inayomfaa mtoto, kwa sababu haimchoshi. Ndivyo kampuni yenyewe ilivyodhani, na dhana hiyo ilikaribia kuizika.

Tathmini hii inahusu bidhaa, si hisa wala vitabu vya hesabu. Lakini huwezi kueleza kwa nini boksi la leo liko jinsi lilivyo bila kupitia Billund, mji mdogo wa Denmark ambako Ole Kirk Kristiansen, seremala, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Jina lilikuja 1934, kutoka maneno mawili ya Kidenishi, leg godt, yaani cheza vizuri. Tofali la plastiki lilitoka 1949, lakini lilikuwa tupu ndani na halikushika sawasawa. Lile tunalolijua leo, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hataza na mwanawe, Godtfred, tarehe 28 Januari 1958. Mwaka 1960 ghala la vitu vya mbao liliungua, na familia ikaamua kuachana na mbao kabisa. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza wa kushika kitu kimoja. Wa pili ulichukua zaidi ya miaka 40, na haukuja kwa hiari.

Mwaka 1998 kampuni ilipata hasara kwa mara ya kwanza katika historia yake. Badala ya kupunguza, iliongeza. Bustani ya burudani ya Legoland ya Windsor, Uingereza, ilikuwa imefunguliwa 1996. Zikafuata ya California 1999 na ya Günzburg, Ujerumani, 2002. Zikaja nguo, saa na michezo ya kompyuta iliyotengenezwa na kampuni yenyewe. Mwaka 2002 ikatoka Galidor, wahusika wa kipindi cha televisheni ambao viungo vyao vikubwa vilifaa kwa mwili wa mhusika na si kwa kingine chochote cha maana. Mwaka huohuo jina la Duplo, ambalo wazazi walilijua tangu 1969, likaondolewa na kuwekwa Explore. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ila hawa walikuwa wamejenga tezi nyingine tatu kabla ya kukumbuka kuna ngama.

Fedha zilitoka wapi wakati huo? Kwenye seti za filamu za Star Wars, zilizoanza 1999, na Harry Potter, pamoja na Bionicle, mashujaa wa kubuni wa kampuni yenyewe, zote mbili za 2001. Tatizo la seti za filamu ni kwamba zinauzika filamu inapokuwa kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2003 haukuwa na filamu mpya ya Star Wars wala ya Harry Potter. Maduka yakabaki na bidhaa za mwaka uliotangulia, na mauzo ya kampuni yakashuka kwa zaidi ya robo. Mwaka 2004 hasara ilifika takriban krone za Denmark bilioni 1.9. Kjeld Kirk Kristiansen, mjukuu wa mwanzilishi, akatia fedha zake mwenyewe na kumkabidhi usukani Jørgen Vig Knudstorp, mwenye umri wa miaka 35, asiye wa familia.

Alichokikuta Knudstorp ndicho kinachomhusu mnunuzi. Idadi ya vipande tofauti, yaani kila umbo katika kila rangi, ilikuwa imepanda kutoka takriban 6,000 mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi zaidi ya 12,000. Mbunifu aliyetaka upanga wa aina mpya alipewa, na aliyetaka kofia ya mpishi tofauti kidogo naye alipewa. Kila umbo jipya linadai kalibu yake ya chuma ya kumiminia plastiki, na kalibu moja hugharimu makumi ya maelfu ya dola kabla haijatoa kipande hata kimoja. Halafu kuna gharama zisizoonekana. Mashine isimamishwe ili kubadilisha kalibu, rangi ya zamani isafishwe, kipande kipewe sanduku lake ghalani, na mstari wa upakiaji utafutiwe nafasi yake. Zaidi ya hapo, seti yenye vipande 300 haifungwi kama kimoja kimechelewa. Kipande kinachotumika kwenye seti moja tu huibeba gharama hiyo peke yake. Tofali la nane, lile la vinundu 2 kwa 4, huigawa kwa mamia ya seti.

Basi vipande vikakatwa hadi karibu nusu. Bustani nne za Legoland zikauzwa 2005 kwa kampuni ya uwekezaji ya Blackstone na kuingizwa katika Merlin Entertainments, kampuni ya kuendesha sehemu za burudani. Jina la Duplo likarudi 2004, na seti za mji, polisi na zimamoto zikarudi 2005 kwa jina la City. Mwaka huo kampuni ikaingia kwenye faida. Wasimuliaji wengi huishia hapo, lakini kuna sehemu ambayo kampuni ilipitiliza: mwaka 2006 ilikabidhi sehemu kubwa ya uzalishaji kwa Flextronics, kampuni ya kutengeneza bidhaa za wengine, na kufikia 2008 ikavunja mkataba na kuanza kurudisha viwanda mikononi mwake. Kumimina plastiki kumbe hakukuwa kazi ya kumpa jirani. Bustani ilikuwa mapambo, kiwanda kilikuwa moyo. Na ukitaka kujua kwa nini, pima tofali.

Tofali lenyewe, kwa rula na kalipa

Umbali wa katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kinundu kina kipenyo cha milimita 4.8. Tofali lina urefu wa kwenda juu wa milimita 9.6 bila kinundu, na kibamba chembamba kina 3.2, kwa hiyo vibamba vitatu ni tofali moja. Tofali la 2 kwa 4 lingepaswa kuwa na milimita 32 kwa 16, lakini ukiliweka kwenye kalipa, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, utasoma 31.8 kwa 15.8. Hizo 0.2 hazikuibwa, ni nafasi ya 0.1 kila upande ili matofali mawili yakae bega kwa bega bila kusukumana.

Linashikaje? Kinundu ni kikubwa kidogo tu kuliko nafasi iliyoachwa kati ya mrija na ukuta wa ndani. Unapobana, ukuta na mrija vinapinda kwa kiasi kisichoonekana na kujaribu kurudi, na huko kujaribu kurudi ndiko kushika kwenyewe. Ndiyo maana plastiki yake ni ABS, iliyochukua nafasi ya selulosi asetati mwaka 1963. Ile ya kwanza ilipinda kwa miaka na haikurudi, na rangi zake zilififia. Tofali la ABS la miaka ya 1960 lililotunzwa vizuri bado linaingia kwenye la mwaka huu.

Kalibu zinachongwa kwa usahihi wa elfu chache za milimita, na hapo ndipo matofali ya kuiga huachwa. Hebu fanya hesabu: kosa la 0.05 katika umbali wa kinundu hadi kinundu halionekani kwa jicho wala halihisiwi na kidole ukiunganisha matofali mawili. Kwenye ukuta wa vinundu 20 kosa hilo limekuwa milimita 1 nzima, na bamba la kufunika juu halikai. Ukilazimisha, bamba linakunjika kama kibao kilicholowa, na kona moja inafunguka usiku ukiwa umelala.

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Panga matofali kumi ya 2 kwa 2, moja juu ya jingine. Mnara uwe na milimita 96 ukiacha kinundu cha juu. Uweke kando ya rula ya chuma, uuzungushe pande nne, utafute mwanga unaopenya. Kisha ushike tofali la juu kabisa na uunyanyue mnara mzima, usiachie njiani. Mwisho uubomoe kwa vidole bila kifaa. Tofali zuri linafaulu yote matatu: limenyooka, linashika, linaachia. Bandia hufaulu mawili, na kwa kawaida linaloshindikana ni kuachia.

Kama umepata kipande chenye kasoro, angalia ndani yake kwa kioo cha kukuzia. Kuna tarakimu ndogo: namba ya umbo na namba inayoonyesha kipande kilitoka kwenye tundu gani la kalibu. Kiwanda hutumia namba hizo kufuata kasoro hadi kwenye chanzo chake. Kwa mnunuzi zina faida nyingine, maana ndizo zinazokuwezesha kutafuta kipande kilekile kingine bila kubahatisha.

Kuhusu idadi ya namna za kuunganisha, takwimu mbili huzunguka na moja ina kasoro. Matofali mawili ya 2 kwa 4 ya rangi moja yanaungana kwa namna 24, matatu kwa namna 1,060. Kwa sita, kwa miaka mingi ilitajwa 102,981,500, lakini hiyo ilihesabu minara ya ghorofa sita tu. Mwanahisabati wa Copenhagen, Søren Eilers, alipohesabu upya kwa kompyuta alipata 915,103,765. Kipande cha pua ya gari cha Jack Stone kina namna chache sana, na iliyo nzuri ni moja: mbele ya gari.

Namna ya kusoma seti kabla ya kuinunua

Usiangalie idadi ya vipande iliyoandikwa kwenye boksi. Angalia orodha ya vipande. Seti kubwa huichapa kurasa za mwisho za kitabu cha maelekezo, na vitabu hivyo hupatikana bure kwenye tovuti ya kampuni. Igawe katika mafungu matatu. La kwanza ni matofali na vibamba vya kawaida. La pili ni vya kazi maalumu lakini vinavyozunguka kila mahali: miteremko, bawaba, magurudumu, madirisha, tofali lenye kinundu ubavuni. La tatu ni vile ambavyo ukiviona unajua vimetoka kwenye nini. Fungu la tatu likizidi kama sehemu moja ya kumi, seti hiyo ni sanamu ya kuunganisha. Hakuna ubaya, mradi ujue unanunua sanamu.

Kwa kipimo hicho, familia ya Creator ya 3 kwa 1 ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Vipande vilevile vinajenga vitu vitatu, na maelekezo yote yamo. Anayebuni seti ya namna hiyo hana pa kujificha, kwa sababu vipande anavyoviomba kwa joka lazima vifae pia kwa ndege na kwa samaki. Kitu cha kwanza hutumia vipande karibu vyote. Cha pili na cha tatu huacha masalio, wakati mwingine mengi. Ushauri wa kiutendaji ni kuanza na cha tatu. Ndicho kidogo, na kinakufundisha kazi ya bawaba kabla hujakutana nazo zimefichwa ndani ya kitu kikubwa.

Boksi la Classic namba 10698, lenye vipande 790 ndani ya chombo cha njano, linasifiwa kuliko linavyostahili. Vipande ni vizuri, fungu la tatu karibu halipo, na chombo kinafaa kuhifadhia. Tatizo ni rangi. Zimo zaidi ya 30, kwa hiyo kila rangi inapata wastani wa vipande 25 hivi, vikiwemo vya kinundu kimoja. Huwezi kujenga nyumba ya kuta nyekundu. Utajenga nyumba ya kila rangi, utake usitake. Mtoto wa miaka minne hajali. Wa miaka minane anajali sana, na ndipo boksi linaposukumwa chini ya kitanda. Ukilinunua, liongezee matofali ya rangi mbili tu, mengi, pamoja na mabamba makubwa, kwa sababu boksi halina mabamba ya kutosha kubeba paa.

City ni ya kucheza zaidi kuliko kujenga. Gari la zimamoto linakamilika kabla chai haijapoa, kisha linaendeshwa sakafuni mwezi mzima bila kuachia gurudumu. Kwa kazi hiyo ni nzuri. Duplo haina la kujadili: kila kipimo ni mara mbili, kwa hiyo tofali moja lina ujazo wa matofali nane ya kawaida, na tofali la kawaida la 2 kwa 4 linakaa juu ya vinundu vya Duplo barabara. Aliyeamua kulifuta jina hilo 2002 alikuwa na bidhaa bora ya watoto wadogo mkononi akaiona kama mzigo.

Seti za watu wazima zinahitaji tahadhari. Titanic ina vipande 9,090, Mnara wa Eiffel 10,001, na ramani ya dunia 11,695. Ramani inaongoza kwa idadi, lakini sehemu kubwa yake ni vidoti vya kinundu kimoja. Unachofanya ni kupanga vidoti kwa kufuata chati, siku baada ya siku, bila kujifunza muungano mpya. Eiffel ni ya kujirudia pia, ila mnara halisi nao unajirudia, na namna nondo zake zinavyopinda kwenda juu ni fundisho. Ukitaka kulinganisha thamani, linganisha uzito wa plastiki, usigawe bei kwa idadi ya vipande. Idadi ni rahisi kuipandisha kwa vidoti.

Mbinu moja inatenganisha wabunifu wazuri na wa kawaida, nayo inatokana na vipimo tulivyovitaja. Vibamba vitano ni milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Kwa hiyo ukivilaza vibamba vitano ubavu, vinaingia kwenye pengo la vinundu viwili bila kulegea wala kubana. Hapo ndipo zinapotoka taa za magari zinazotazama mbele, herufi za ukutani na mawe ya kona. Ukiona seti ina matofali mengi yenye vinundu ubavuni, kuna jambo la kujifunza ndani yake.

Technic, na pale mambo yanapoharibika

Technic, familia ya seti za mashine zenye gia na ekseli, ilianza 1977 kwa matofali yenye matundu, na siku hizi inatumia zaidi boriti laini zisizo na vinundu. Umbali wa tundu hadi tundu ni ileile milimita 8. Anayechanganya za zamani na za sasa hukwama kwenye jambo moja: tofali lina kimo cha 9.6, na 9.6 haigawanyiki kwa 8. Matofali mawili ya matundu ukiyapandanisha, boriti ya wima haipati matundu yote mawili. Dawa ni kuweka vibamba viwili katikati: 9.6 na 6.4 ni 16, yaani umbali wa matundu mawili kamili. Bila hivyo fremu inashikiliwa na vinundu peke yake, nayo huachana gari linapogonga ukuta.

Pini nyeusi fupi zina msuguano, za kijivu hazina. Nyeusi zinafunga, kijivu zinazungusha. Ukiweka nyeusi mahali pa kijivu kwenye usukani, usukani unakuwa mzito na mota inalalamika. Ukiweka kijivu mahali pa nyeusi kwenye fremu, fremu inalegea taratibu bila kukuonyesha ni wapi. Ni kosa nambari moja la Technic, na linatokea jioni, chini ya taa hafifu. Panga pini kwenye vibakuli viwili kabla ya kuanza.

Gia za meno 8, 16, 24 na 40 zimepimwa ili zikae kwenye matundu. Ya 8 na ya 24 zinakutana ekseli zikiwa zimetengana matundu mawili, na nguvu inapanda mara tatu huku kasi ikishuka kwa kiasi hichohicho. Zikianza kuruka meno, mara nyingi gia haina kosa. Ekseli imeshikwa upande mmoja tu, nayo inapinda mzigo ukija. Ishike pande zote mbili, karibu na gia iwezekanavyo. Gia ya parafujo inasogeza jino moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo ikiwa na ya meno 24 uwiano ni 24 kwa 1, na mzigo hauwezi kuirudisha nyuma. Inafaa winchi na kreni. Lakini ikikwama, kinachovunjika ni ekseli au jino, ndiyo maana mbunifu makini huweka njiani gia inayoteleza inapozidiwa.

Malalamiko

Stika ni la kwanza. Kipande chenye picha iliyochapwa moja kwa moja kinadumu kuliko stika. Stika inajikunja kingo, inapauka, na ikibandikwa kwenye vipande viwili kwa pamoja huwezi kuvitenganisha tena. Seti za bei ya juu bado zinazo. Ukilazimika, iweke kwenye ncha ya kisu, shusha ukingo mmoja kwanza ukiulinganisha na ukingo wa kipande, kisha usugue kuelekea upande wa pili ili hewa itoke.

La pili ni kahawia na nyekundu iliyokoza. Vipande vya rangi hizo vya muongo uliofuata mageuzi ya 2004 vinavunjika kwa urahisi, hasa vishikio vyembamba na vibamba vya kinundu kimoja. Ukinunua matofali yaliyotumika, tenga vya kahawia, na usivitumie mahali pa kubeba mzigo. Kijivu nacho kilibadilishwa miaka hiyohiyo kikawa na ubuluu ndani yake. Mwenye ngome ya miaka ya 1990 hawezi kuiongezea ukuta leo bila kuonekana kiraka.

Kuosha hakuna siri: maji yasiyozidi nyuzi 40, sabuni laini, mkono. Moto ukizidi, ukuta wa tofali unapinda na ushikaji unakwisha. Kausha kivulini, vinundu vikitazama juu ili maji yatoke ndani. Vibamba viwili vya ukubwa sawa vilivyogandana usivifungue kwa meno wala kisu. Weka kifaa cha kubandulia juu na kingine chini, kisha bana mikono yake pamoja. Kwa kupanga vipande, tenga kwa umbo na si kwa rangi. Kipande chekundu kwenye bakuli la rangi mchanganyiko kinaonekana haraka, lakini umbo fulani ndani ya bakuli lililojaa vyekundu vitupu linakuchosha macho.

Lalamiko kubwa kuliko yote linahusu mota. Kampuni ilijifunza kuachia wengine yasiyo yake: bustani zinaendeshwa na Merlin, na filamu ya LEGO ya 2014 ilitolewa na Warner Bros. Mchezo wake wa mtandaoni wa LEGO Universe ulidumu kutoka Oktoba 2010 hadi Januari 2012, ukafungwa. Lakini kwenye seti kadhaa kubwa za Technic, gari haliendi bila programu ya simu. Mindstorms, familia ya seti za roboti iliyoanza 1998, ilisimamishwa mwishoni mwa 2022. Tofali la 1958 halihitaji kusasishwa. Kitovu cha betri kinachosubiri simu kinategemea mtu mwingine aendelee kuitunza programu, na mfumo wa simu unaofuata usiikatae.

Kwa hiyo, kwenye Technic, chagua seti ambayo mota yake inawashwa kwa swichi iliyo kwenye boksi la betri, au ile ya kuzungusha kwa mkono. Kama unataka kreni kubwa inayokuja na programu, kabla ya kuijenga fungua kitabu uangalie ekseli inayotoka kwenye mota inaishia wapi. Mara nyingi kuna nafasi ya kuitoa mota na kuweka kirungu cha kuzungushia, kazi ya ekseli moja na gia moja ya meno 24. Fanya hivyo kabla ya kufunga ubavu wa mwisho, maana baada ya hapo utabomoa nusu ya kreni ili kuifikia.